Kabati la Vitabu Arobaini na Kimoja

Bweni la Elgon, Bungoma
Jumapili, 11 Mei 2025

Kaka Wakoli,

Nimeandika mwanzo wa barua hii mara tatu nikaupasua, kwa hiyo huu wa nne nitauacha ulivyo. Hujambo? Mimi ni mzima, ila usingizi hautoshi. Kengele ya asubuhi hulia saa kumi na nusu, na sisi wa kidato cha pili ndio tunaopiga deki.

Nina ombi. Mwalimu Jelagat, anayetufundisha Kompyuta, ametangaza kwamba mwaka ujao watakaoendelea na somo lake ni kumi na wanane tu, kwa sababu mashine zinazofanya kazi ni tisa. Tulioinua mikono ni sitini na wanne. Kwa hiyo Ijumaa tarehe 18 Julai kila mmoja ataonyesha ukurasa wa tovuti aliouunda mwenyewe, ukiwa kwenye flashi, na atakayeshindwa atachukua Kilimo. Sina ubaya na Kilimo. Lakini hili ndilo somo la kwanza ambalo nimelitaka mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Simu haziruhusiwi hapa, unajua. Maabara ni nzuri na tunaingia kila Jumatano, ila kazi haibaki, maana mashine husafishwa kila Ijumaa. Nimefikiria hivi. Nitakuandikia msimbo kwa kalamu, mstari kwa mstari. Wewe uuchape huko unakofanya kazi, kwenye saiba ya Zahid yenye kompyuta za kulipia, uufungue, kisha uniandikie umeona nini. Usinirekebishie. Niambie tu kilichotokea, nami nitarekebisha na kukutumia tena. Mwisho utaniwekea kwenye flashi na kuileta getini kabla ya siku hiyo.

Ukurasa wangu ni wa kabati la maktaba. Lina vitabu arobaini na kimoja, lakini limefungwa kwa kufuli, na wasichana wengi hawajui kuna nini ndani. Mimi najua kwa sababu ndimi ninayelipangusa vumbi. Kuna kitabu cha ufugaji wa nyuki kisicho na jalada, na kamusi iliyopoteza herufi M yote. Nataka msichana akitafuta kitabu aone kama kipo, na kama hakipo aone ni nani amekiazima.

Ukurasa wa kwanza wa daftari nimeuweka humu. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayetengeneza tovuti, kwa hiyo kuanzia leo wewe ni mwalimu wangu.

Mdogo wako,
Nanyama


Kitale
20 Mei 2025

Kukhu!

Wengine wakuite Nanyama. Mimi siwezi kumwita kukhu, nyanya yangu, kwa jina kama mtoto mwenzangu. Ulipewa jina lake, basi beba na heshima yake, hata ukipiga chafya tukuletee uji.

Barua imefika na nimeisoma yote. Ati mwalimu! Hapa Kitale hakuna mtu ananiita hivyo, hata kwa utani. Sawa, mwalimu amekubali.

Somo la kwanza. Faili lako usilipe jina lenye nafasi katikati. Umeandika "kabati la vitabu". Liunganishe, liwe neno moja, herufi ndogo zote. Somo la pili, picha. Mteja wangu wa kwanza mwaka jana alikuwa kinyozi. Nilimwekea picha ya kichwa alichokinyoa, kikatoka kimelala ubavu. Akaniangalia, akasema, "Bana, huyu ananyolewa ama ni mgonjwa?" Nilikaa siku mbili nikiigeuza ile picha. Kwa hiyo wewe usiweke picha kwanza. Maneno yanatosha.

Ukurasa wako umetoka. Maneno makubwa yako juu, madogo yako chini, kila kitu mahali pake. Endelea. Na haya ninayokuandikia uyafanyie zoezi huko maabara, maana vidole husahau haraka kuliko kichwa.

Jambo lingine dogo. Barua usitume tena kwa sanduku la Zahid, limejaa matangazo. Andika kupitia duka la Adow, karibu na msikiti. Napita hapo kila jioni.

Nimechoka kidogo leo, wateja ni wengi. Wasalimie wa huko.

Wakoli


Bweni la Elgon, Bungoma
Jumapili, 1 Juni 2025

Mwalimu wangu,

Nimekaa nyuma ya kanisa la shule kwa sababu hapo ndipo kuna ukimya. Wiki hii tulikuwa na mitihani mitatu na mvua imeingia bwenini. Nimelala na soksi zenye maji. Lakini nilifurahi sana ulipoandika kwamba kila kitu kiko mahali pake. Nilisoma maneno hayo hata wakati wa hesabu.

Sasa nakutumia ukurasa wote, karatasi saba. Vitabu vyote arobaini na kimoja vimo, pamoja na safu ya waazimaji. Nimeongeza rangi pia. Kichwa cha juu kitakuwa bluu. Namba ya rangi nimeitoa kwenye kitabu cha kiada, na kwa jinsi ilivyo naamini ni bluu kama ya mlima asubuhi kabla jua halijapanda. Uniambie kama ndiyo.

Mazoezi uliyonipa nimeyafanya. Maabara ni nzuri sana.

Barua yako ilikuwa na alama ya kidole gumba, ya udongo mwekundu. Nilijiuliza kama umeanza kulima!

Zimebaki wiki saba.

Nanyama


Kitale
10 Juni 2025

Kukhu,

Udongo ni wa mtaro. Wanachimba nje ya saiba na sisi sote tunaingia na matope, hadi kwenye kibodi.

Karatasi saba zimefika. Nimezifanyia kazi jioni mbili. Imetoka safi! Kichwa ni bluu ya mlima, kama ulivyosema. Vitabu vimejipanga kama wasichana wa paredi. Yule wa nyuki yuko wa tisa, kamusi iko ya kumi na nne, na jina la Hasina aliyeazima kile cha ramani linaonekana wazi. Nilimwita jirani aone. Akasema, "Huyu aliyetengeneza hii ni wa chuo gani?" Nikamwambia ni wa kidato cha pili. Akakataa.

Sioni cha kurekebisha. Labda uongeze tarehe ya kurudisha kitabu. Flashi nitaitafuta mwishoni mwa mwezi.

Usinishangae kuandika kifupi. Mgongo unauma, nakaa sana.

Wakoli


Bweni la Elgon, Bungoma
Alhamisi, 19 Juni 2025

Kaka Wakoli,

Leo sina msimbo wa kutuma. Nina swali moja, na naomba usinicheke.

Jana maabarani Emmy, anayekaa mbele, alifungua ukurasa wake na kioo kikawa cheupe kabisa. Hakuna neno hata moja. Alidhani mashine imekufa, akaipiga kofi. Mwalimu Jelagat akasema, "Mashine haina kosa, mama. Umefungua lebo ya jina la ukurasa, ile alama ya mabano ya pembe inayoanzisha lile jina dogo la juu, na hukuifunga. Sasa brauza inadhani kila kitu ulichoandika ni jina. Imemeza yote." Darasa lilicheka. Emmy akasema, "Si basi itapike!"

Mimi sikucheka. Nilirudi bwenini nikafungua daftari ninamoweka nakala ya yale ninayokutumia. Mstari wa nne nilifungua lebo ya jina la ukurasa. Sikuifunga. Niliangalia karatasi zote saba, labda nimeifunga mbele. Hapana.

Kwa hiyo nauliza: ulipoufungua ukurasa wangu uliona nini? Niambie tena, polepole. Pengine ulinirekebishia kidogo bila kujua. Kama ni hivyo si neno.

Zimebaki wiki nne.

Nanyama


Kitale
25 Juni 2025

Kukhu,

Swali lako limenifikia nikiwa na haraka. Niliona nilichokuambia. Kichwa bluu, vitabu, majina. Brauza za hapa ni mpya, pengine zinasamehe mambo madogo kama hayo. Za shule ni za zamani, ndiyo tofauti. Usijitese.

Nimesikia mnafunga kidogo katikati ya muhula. Sitaweza kuja nyumbani, kuna tovuti ya mtu fulani inanisubiri. Mwambie Mama niko salama.

Wakoli


Bweni la Elgon, Bungoma
Jumatatu, 30 Juni 2025

Kaka,

Nimerudi shuleni jana. Nyumbani nilipita kwa mama yako. Shangazi alikuwa anachambua maharagwe, akaniambia mbele ya wageni wawili, "Wakoli wangu anashikilia mitandao ya Kitale yote. Ndiyo maana hapati nafasi ya kuja." Wageni wakatikisa vichwa. Mmoja akauliza kama unaweza kumpatia mtoto wake kazi. Shangazi akasema atakuuliza.

Niliinama nikachambua maharagwe pamoja naye hadi wageni walipoondoka.

Nilimuuliza Mwalimu Jelagat kama kuna brauza inayosamehe lebo hiyo isipofungwa. Ni mara ya kwanza nimemwendea ofisini. Alisema hakuna. Ya zamani wala mpya.

Kwa hiyo ukurasa wangu ni mweupe, Kaka. Ungeufungua hata mara moja ungeuona ni mweupe. Na ndani ya bahasha yako ya mwisho kulikuwa na unga wa njano, mwepesi kama poda, uliomwagika kwenye shuka langu. Saiba haina unga wa njano.

Sina hasira. Nimeandika neno hilo na kulifikiria, na ni kweli, sina. Nimechoka tu. Nimekuwa nikiamka saa kumi na nusu kwa ajili ya ukurasa uliokuwa umejipanga kama wasichana wa paredi, na sasa sijui nina nini. Zimebaki siku kumi na nane. Niambie ukweli, niujue wakati bado kuna siku.

Nanyama


Kitale
7 Julai 2025

Nanyama,

Leo nakuita kwa jina lako kwa sababu sistahili kumwandikia nyanya yangu.

Saiba ya Zahid ilifungwa Februari. Kila mtu ana simu, hakuna aliyekuwa anakuja isipokuwa watu wa kuchapisha fomu. Zahid aliuza mashine, akanipa kiti nilichokuwa nakalia kama kumbukumbu, akaenda Suam kuuza nguo. Kiti ninacho. Nakikalia nikiandika hii.

Tangu Machi nafanya kibarua kwenye shamba la mahindi ya mbegu. Palizi kwanza, mbolea baadaye, na sasa ni mbelewele. Labda hujaona kazi hii. Mahindi hupandwa mistari ya majike na mistari ya madume. Sisi tunatembea kwenye majike tukivuta mbelewele, yale maua ya juu, kabla hayajafunguka. Ukiacha moja likamwaga unga wake, mbegu ya pale karibu yote imeharibika. Unga wa njano ndio huo. Ule wa bahasha umetoka kwenye mistari ya madume, tunayoiacha. Msimamizi wetu ni Mama Waruguru, anatembea nyuma na fimbo ndefu. "Wewe wa Bungoma! Unahesabu mawingu? Umeacha tatu nyuma yako, rudi!" Jioni mikono haikunjiki. Ndiyo sababu barua zangu zilikuwa fupi.

Kwa nini nilikudanganya? Barua yako ya kwanza ilinikuta nimekaa juu ya gunia la mbolea. Nilikuwa nimeamua kukuambia. Kisha nikafika mwisho, ulipoandika kwamba mimi ni mwalimu wako. Nyumbani wameniita mtaalamu tangu kabla sijajua lolote, na huku hakuna anayeniita kitu. Nikasema nitafundisha tu, kidogo, hadi nipate mashine. Sikupata.

Lakini sikubuni ovyo, na hili naomba uliamini. Kila karatasi niliisoma mstari kwa mstari, na kile nilichoamini kingetokea nilikichora kwa mkaa kwenye mfuko mtupu wa mbolea. Nilichora kichwa, nikachora vitabu vyote. Hata yule jirani alikuwa wa kweli. Alichokiona ni mfuko.

Sasa nimejua nilipokosea. Mashine husoma kilichoandikwa. Mimi nilisoma ulichotaka kusema. Pale uliposahau kufunga, mimi nilifunga kwa sababu nakupenda, na sikujua kama nimefunga. Mashine haipendi mtu, na ndiyo uliyoihitaji.

Nimesoma tena karatasi zako zote jana, Jumapili nzima, kama ninavyokagua majike nikijua Mama Waruguru yuko nyuma. Nimepata makosa matano. Nimeyazungushia penseli na narudisha karatasi humu. Hayo ni matano niliyoyaona. Sijui kama ni yote.

Flashi sina. Lakini wewe una maabara, na vidole vyako vimeshazoea sasa. Uchape mwenyewe huko, Jumatano moja inatosha. Hilo ndilo lililokuwa likinipa usingizi, kwamba hata nikikudanganya, mashine unayo.

Wakoli


Bweni la Elgon, Bungoma
Ijumaa, 11 Julai 2025

Kaka Wakoli,

Mashine sina.

Maabara inatuingiza watu wanne kwa kompyuta moja, dakika arobaini. Emmy anashika kipanya kwa sababu alikishika siku ya kwanza. Wawili wengine wanabadilishana kuchapa. Mimi nasoma maagizo kwa sauti kutoka kitabuni kwa sababu nasoma vizuri. Nimefanya hivyo tangu kidato cha kwanza. Mara mbili niliomba zamu yangu. Mara ya pili niliomba polepole mno, nadhani hawakusikia.

Sijawahi kuchapa mstari hata mmoja. Yale mazoezi uliyonipa niliyafanya kwa kalamu. Sijui herufi ziko wapi kwenye kibodi. Bluu ile sijawahi kuiona. Nilikuandikia kwamba maabara ni nzuri kwa sababu niliogopa utasema, "Kama hujagusa mashine, unataka nini na tovuti?"

Kwa hiyo tulikuwa wawili. Mimi nilidhani mashine iko kwako, wewe ulidhani iko kwangu. Nimecheka kidogo, kisha nikaacha.

Makosa matano uliyoyaona ni ya kweli. Nimeongeza la sita. Nilikuwa nimefikiria nimwambie Mwalimu Jelagat kwamba najiondoa, nichukue Kilimo, angalau sasa nina mtu wa kunieleza mbelewele. Nitaamua Jumatatu.

Shangazi hajui. Sitamwambia, hiyo ni yako.

Nanyama


Kitale, dukani kwa Adow
Jumatatu, 14 Julai 2025

Kukhu,

Usijiondoe. Naandika nikiwa nimesimama.

Adow ana kompyuta ya zamani ya kuandikia stoo. Kioo chake kimekufa lakini kibodi ni nzima. Nimeiweka kando ya katoni ya biskuti nikachora kila kitufe kwa ukubwa wake, kisha nikaandika herufi. Mabano ya pembe yapo chini kulia, karibu na alama ya nukta. Ukitaka yatoke lazima ubonyeze kitufe kingine kwanza, nimekipaka wino mwekundu. Adow ananiuliza, "Sasa hiyo katoni nayo inataka stima?" Namwambia hapana. "Basi ni nzuri kuliko yangu."

Kata katoni pembeni, iweke juu ya dawati, uchape kurasa zako ukianzia leo. Kila nafasi ya mapumziko. Watakucheka. Acha wacheke.

Naituma na gari la mizigo la saa nane, ifike getini kesho.

Wakoli


Bweni la Elgon, Bungoma
Jumapili, 20 Julai 2025

Kaka Wakoli,

Nitakueleza kama ilivyokuwa, bila kupamba.

Katoni ilifika Jumanne jioni. Askari wa getini aliichunguza pande zote akitafuta biskuti. Nilichapa juu yake usiku wa masomo na asubuhi kabla ya deki. Walicheka, ndiyo. Emmy alipita akasema, "Nanyama, tuma hiyo imeili basi, ama mtandao uko chini?" Lakini kufikia Alhamisi vidole vilikuwa vinaijua A, na E, na mabano.

Ijumaa kila msichana alipewa dakika zisizozidi kumi na tano, ingawa wengi walimaliza kwa mbili au tatu. Wengi walikuja na flashi zilizojaa, nyingine zimejazwa na kaka zao, na kurasa zao zilikuwa na picha zinazotembea. Nilipoitwa nilisimama na daftari. Mwalimu Jelagat akanyoosha mkono apokee flashi.

Nikasema, "Mwalimu, yangu iko kwenye karatasi."

"Sema kwa sauti."

"Iko kwenye karatasi, Mwalimu. Naomba niichape hapa."

Darasa lilipasuka. Mtu alisema, "Ati karatasi! Lete na gundi!" Mwalimu hakucheka, wala hakunihurumia. Aliangalia saa yake. "Dakika zako ni zilezile kumi na tano. Zimeanza."

Nilichapa. Kibodi ya kweli ina vitufe vinavyozama, katoni haikuniambia hilo, na mara mbili niliandika herufi moja mara nne. Nilichapa jina la ukurasa, nikalifunga. Nilichapa kichwa. Nilichapa vitabu kumi na kimoja. Mwalimu akasema, "Fungua." Nilibofya.

Haukuwa mweupe.

Kichwa kilikuwepo. Vitabu kumi na kimoja vilikuwepo, cha nyuki kikiwa cha tisa. Rangi sikuwa nimeifikia, kwa hiyo vyote vilikuwa vyeusi tu. Nilikaa nikivitazama hadi Mwalimu akaniambia niondoke kitini.

Orodha ilibandikwa jana. Mimi ni wa ishirini na moja. Nafasi ni kumi na nane. Emmy ni wa sita. Alistahili, alirekebisha ule wake. Mwalimu aliniita akasema, "Wenzako wameonyesha kurasa nzima, wewe umeonyesha robo. Siwezi kukupa alama za kile ambacho hakikuonekana." Nikasema ndiyo, Mwalimu. Ni haki. Mwaka ujao nitachukua Kilimo.

Nililia kidogo kwenye foleni ya uji, kisha nikanywa uji. Leo nimelala mchana kwa mara ya kwanza muhula huu.

Nakala niliyosahihisha naiweka humu, kwangu haina kazi tena. Vile vitabu thelathini vilivyobaki sitavijua vingekaaje.

Mdogo wako,
Nanyama


Kitale
Jumapili, 27 Julai 2025

Kukhu,

Barua yako imefika, na kuhusu ile orodha sitakudanganya kwamba haiumi. Pole. Ulistahili muda zaidi ya ule.

Jana mvua ilinyesha tangu alfajiri na shamba halikuingilika, kwa hiyo Mama Waruguru akaturudisha. Niliingia saiba moja iliyobaki mjini, ya ghorofani. Anayeishika ni msichana anaitwa Bilan. Alinitazama na matope yangu, akasema, "Unaandika barua ya kuomba kazi?" Nikamwambia, "Naandika kabati la vitabu." "Haya mzee, kabati lako linataka saa ngapi?" Nikasema moja. Zikawa mbili. Vidole vyangu vimekuwa vinene, nilijiona ninavyotafuta herufi kama mgeni. Bilan alikuja mara kwa mara kuangalia kama nimelala.

Nimechapa karatasi zote saba kama ulivyoandika kwenye ile nakala uliyosahihisha na kunitumia. Sikukurekebishia hata nukta. Nikafungua. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kichwa kiko katikati. Hicho ni kizuri.

Bluu yako si ya mlima. Ni kali, kama mlango wa choo cha stendi. Maandishi yaliyo juu yake ni meusi na hayasomeki. Nililazimika kuinama.

Safu ya waazimaji ni nyembamba mno. Jina la Hasina limekatika vipande viwili.

Kamusi imetokea mara mbili. Nimehakikisha, ndivyo ulivyoandika, mstari wa ishirini na nane na tena mstari wa thelathini na tatu. Kwa hiyo kitabu kimoja cha kabati hakimo, na mimi siwezi kujua ni kipi.

Vitabu ishirini na sita vya kwanza vimepangana vizuri. Cha ishirini na saba kimehamia kulia, na vyote vinavyokifuata vimehamia nacho hadi chini kabisa, vinatoka nje ya kioo. Nimesoma mistari ya pale mara nne. Lebo zimefunguliwa na zimefungwa. Nilimwita Bilan, naye akasoma, akasema hajui.

Nami sijui, Kukhu. Nimekunakilia mistari hiyo kumi na miwili nyuma ya karatasi hii. Angalia wewe.

Wakoli